Mfuko Nyuma ya Mlango: Namna Avenyu Yetu Inavyojitayarisha Kabla ya Hatari



Juma hili tunataka kuongea nanyi juu ya mfuko. Katika nyumba nyingi za avenyu yetu, upande wa kaskazini wa mji wa Goma, kuna mfuko uliotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Watoto wanaujua na hawauchezei. Mgeni akiuona huuliza: "Mama, mnasafiri lini?" Nasi tunamjibu kwamba hatuna safari, ila tunaishi chini ya Nyiragongo, na mlima huo hautumi barua kabla ya kuja.

Mfuko huo hatukuzaliwa nao. Tulijifunza kuutengeneza baada ya kulia. Ndiyo maana tumeona vema kuwaeleza namna tulivyoanza, mahali tulipokosea, na mambo ambayo kikundi chochote cha wamama kinaweza kufanya bila kungoja gari la msaada.

Usiku wa tarehe 22 Mei

Mnaikumbuka Siku ya Posho ile ya tarehe 22 Mei 2021. Karibu saa moja jioni mbingu iligeuka nyekundu juu ya mji. Wengine walidhani nyumba fulani inaungua. Hakuna onyo lililokuwa limetolewa mbele. Muda si mrefu umeme ulikatika katika sehemu nyingi, simu zikawa hazishiki, na barabara zikajaa watu wenye magodoro kichwani, mbuzi, chukudu, na watoto waliofungwa mgongoni kwa kikwembe.

Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa akiuza mandazi sokoni. Watoto wake watatu walikuwa nyumbani, mkubwa wao akiwa na miaka 11. Alikimbia mpaka nyumbani, akakuta mlango wazi na sufuria ya maharagwe ikingali kwenye mbabula. Jirani mwema alikuwa amewachukua watoto na kuelekea nao kwenye mpaka wa Rwanda, upande wa Gisenyi. Mama hakujua. Aliposikia watu wanasema "Sake! Sake!", naye alifuata umati wa Sake, zaidi ya kilomita 20 kwa miguu, akiita majina ya watoto wake gizani. Walionana siku ya nne. Anasema kwamba katika siku hizo kila mtoto aliyemwona kwa mgongo alidhani ni wake.

Yeye alibahatika. Usiku ule na siku zilizofuata, mamia ya watoto walitengana na wazazi wao, na watu wa Msalaba Mwekundu, UNICEF na wengine walifanya kazi kubwa ya kuwarudisha kwao. Lava ilikata barabara ya Rutshuru, ikafunika maelfu ya nyumba, kisha ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu wapatao 30 walikufa. Lakini tuangalie vizuri namna walivyokufa. Wengine waliuawa na ajali za barabarani katika msongamano wa kukimbia. Wengine walikufa siku iliyofuata, walipojaribu kuvuka lava iliyoonekana kuwa imepoa juu, kumbe ilikuwa bado inatoa gesi na joto. Watu hao lava yenyewe haikuwafikia katika nyumba zao. Kama mtu angalijua njia yake, saa yake na mahali pa kusimama, pengine leo tungekuwa naye.

Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, amri ilitolewa kwamba karitie 10 kati ya 18 za mji ziondoke mara moja, kwa sababu wataalamu walihofia lava iliyokuwa ikitembea chini ya ardhi mpaka chini ya ziwa. Watu mamia ya maelfu walitoka kwa siku moja: Sake, Minova, Rutshuru, Rwanda, na wengine kwa mashua mpaka Bukavu. Mara ya pili ndani ya juma moja tulikimbia bila mpango.

Mara tatu katika miaka 44

Sisi tunaoandika haya tulikuwa wanafunzi tarehe 17 Januari 2002, wakati lava ilipopita katikati ya mji, ikafunika mwanzo wa njia ya ndege upande wa kaskazini, na kuingia katika ziwa. Sehemu kama 13 katika kila 100 za mji zilifunikwa, na watu zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Tunakumbuka pia jambo lililotokea siku chache baadaye: watu waliokuwa wakichota mafuta katika kituo cha petroli kilichozungukwa na lava ya moto waliungua, kwa sababu kituo kililipuka. Mlipuko wa mlima ulikuwa umekwisha, lakini hatari ilikuwa haijakwisha.

Wazee wetu wanakumbuka tarehe 10 Januari 1977. Siku hiyo ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika kwa muda mfupi kupitia nyufa za mlima, na lava ilikimbia haraka kuliko mtu. Vijiji vilivyokuwa kwenye mteremko havikupata nafasi ya kukimbia.

Basi, 1977, 2002 na 2021. Ni mara tatu katika miaka 44. Mama mwenye miaka 60 ameona zote tatu. Jambo linalorudi mara tatu katika maisha ya mtu mmoja haliwezi kuitwa ajali tu. Ni kama msimu wa mvua: hatujui siku, lakini tunajua litarudi. Mkulima hangoji tone la kwanza ndipo atafute jembe.

Tulianza na chaki

Tuliporudi kutoka Sake, tulikusanyika katika klasi moja baada ya masomo, wamama 19 na wababa 4. Kwa mara ya kwanza tuliulizana: hatari zetu ni zipi hasa? Kila mmoja alijibu "volkano". Kisha mama mmoja akasema kwamba mtoto wa dada yake alikufa kwa mazuku. Mwingine akataja moto wa nyumba za mbao. Mwingine akataja maji ya mvua yanayoshuka na kuingia nyumbani kila mwaka, na kipindupindu kinachofuata.

Tuliwapa wamama chaki, wakachora avenyu yetu juu ya ubao. Walichora njia pana na vichochoro, bomba la maji, kanisa, shule, maduka yanayouza petroli katika chupa, mashimo yenye mazuku, nyumba zenye wazee, nyumba zenye wajawazito. Wamama ambao hawakusoma ndio waliochora vizuri kuliko wote, kwa sababu wao ndio wanaotembea avenyu nzima kila siku na bidoni ya maji. Walijua kichochoro gani kimezibwa na ukuta mpya, na ni wapi lava ya 2002 iliacha mawe makali ambayo mtoto hawezi kukimbia juu yake bila viatu.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza tunayowapendekezea. Haitaki fedha. Kama hamna ubao, choreni chini kwa kijiti, na mtumie mawe kuwa nyumba na majani kuwa miti. Kisha mtu mmoja anakili katika kaye. Ulizeni maswali matatu tu: hatari inatokea wapi? Inapita wapi? Nani atashindwa kuikimbia?

Juu ya mazuku tuseme neno moja, maana kila mwaka inaua watoto. Ni gesi nzito kuliko hewa. Inatoka chini ya ardhi na kulala katika mashimo na mabonde, zaidi upande wa magharibi wa mji kuelekea Sake na kandokando ya ziwa, hasa usiku na asubuhi mapema wakati upepo umetulia. Mbuzi akianguka shimoni akalala, mtoto asishuke kumtafuta, na wewe usishuke kumtafuta mtoto bila msaada, la sivyo mtakuwa wawili. Wale wanaokimbia hatari nyingine na kulala chini katika mahali wasipopajua, waulize wenyeji kwanza: "Hapa kuna mazuku?"

Kaye ya majina, na woga wake

Kazi ya pili ilikuwa kuandika majina. Nyumba kwa nyumba: watu wangapi, nani ni mzee, nani ana mimba, nani haoni, nani ananyonyesha, nani anakunywa dawa kila siku. Hapo ndipo tulipokutana na upinzani. Wamama watano waliondoka katika mkutano. Mmoja alisema waziwazi: "Katika inchi hii, orodha ya majina imeshaua watu. Leo mnaiandika juu ya volkano, kesho nani ataisoma?"

Hatukumkasirikia. Alisema kweli. Tulikaa majuma mawili tukifikiri. Mwishowe tulipatana hivi: katika kaye hatuandiki kabila, hatuandiki mahali mtu alipotoka, hatuandiki kazi wala mali. Tunaandika jina la kwanza la mama wa nyumba, hesabu ya watu, na msaada wanaohitaji. Kaye inalindwa na wamama wawili wanaoishi nyumba mbalimbali, na haipewi mtu mwingine yeyote. Shefu wa avenyu anapewa hesabu tu: wazee wangapi, watoto wadogo wangapi. Nyumba isiyotaka kuandikwa haiandikwi, lakini jirani yake anajua kugonga mlango wao. Wamama watatu kati ya wale watano walirudi. Yule aliyesema kwanza ndiye leo mmoja wa walinzi wawili wa kaye.

Tunawaeleza hayo kwa sababu vikundi vingi vinaiga kazi ya kuandika majina kutoka kwa mashirika bila kujiuliza ni nini kinachoweza kutokea kwa karatasi ile. Mpango wa kulinda watu usiwe mlango wa kuwaumiza.

Tukutane wapi?

Kazi ya tatu ndiyo iliyotugombanisha nyumbani. Kila familia ilipaswa kuchagua mahali pawili: pa karibu, na pa mbali. Pa karibu, avenyu yote ilichagua uwanja wa kanisa. Pa mbali, kila familia iamue yenyewe, upande wa Sake au upande wa mpaka, kwa ndugu au rafiki anayejulikana.

Wababa wengine walisema: "Siku ikifika, mimi nitasema twende wapi." Lakini 2021 baba huyo alikuwa wapi? Mmoja alikuwa Bukavu kwa biashara, mwingine alikuwa zamu ya ulinzi upande wa pili wa mji, na simu zilikuwa hazipiti. Mama aliyengoja sauti ya bwana wake alipoteza saa nzima. Kwa hiyo tuliomba mambo hayo yazungumzwe mezani, baba akiwapo, siku ya utulivu, na kupatana kwamba hatari ikifika, mtu mzima aliyeko nyumbani ndiye anayeamua. Baba akirudi na kukuta mlango umefungwa, atajua pa kuwafuata. Wababa wengi walikubali walipoona kwamba mpango huo unawasaidia wao pia kupata familia zao.

Tuliongeza kanuni tatu ambazo kila mtoto wa avenyu anaweza kuzikariri:

Kwanza, lava inafuata mteremko. Usikimbie mbele yake ukishuka nayo. Toka pembeni, upande ambao viongozi wameonyesha.

Pili, ukiwa na jirani na wazazi hawapo, jirani aandike kwa chaki mlangoni: upande waliokwenda na saa. Laiti yule jirani wa muuza mandazi angeandika neno moja tu, "Gisenyi", siku nne zile zisingekuwapo.

Tatu, kila familia ichague ndugu mmoja anayeishi mbali, Butembo, Bukavu au Kisangani, ambaye wote watampigia. Mara nyingi simu za ndani ya mji zinakataa, lakini ujumbe mfupi kwenda mbali unapita. Namba yake iandikwe kwenye karatasi, maana simu inakufa na kichwa kinasahau.

Shuleni tumewafundisha watoto wa klasi ya kwanza na ya pili kuimba jina lao lote, jina la mama, jina la baba, jina la avenyu na namba ya simu. Kwa wale wadogo wasioweza kusema, mama anashona kitambaa chenye namba ya simu ndani ya nguo. Tunasisitiza ndani, si nje, ili mtu mbaya asimwite mtoto kwa jina na kujifanya ndugu.

Katika mfuko kuna nini?

Tuliona mifuko mingine iliyojazwa kiasi kwamba mama hawezi kuinyanyua. Mfuko mzuri ni ule unaoweza kubebwa pamoja na mtoto mgongoni. Sisi tunaweka hivi:

Karatasi ndani ya plastiki: kopi ya karti ya mpiga kura, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karti za chanjo, na biletini ya mwisho ya shule. Mtoto asiye na biletini tulimwona Minova akikataliwa kuingia katika klasi yake.

Tochi na betri, na radio ndogo kama ipo.

Maji ya kunywa, chupa moja kwa kila mtu, na chakula kisichohitaji kupikwa: karanga, biskuti, unga wa uji wa mtoto.

Dawa za mtu anayekunywa dawa kila siku, za siku saba. Sabuni. Vitambaa vya mama vya mwezi, maana jambo hilo halingoji amani.

Kikwembe kimoja na sweta ya kila mtoto. Viatu vilivyofungwa chini ya mfuko, kwa sababu ya mawe ya lava.

Fedha kidogo, noti ndogondogo.

Kila mwisho wa mwezi tunabadilisha maji na karanga. Karanga za zamani watoto wanakula, kwa hiyo wao ndio wanaotukumbusha tarehe.

Kuna familia zisizoweza kujaza mfuko hata nusu. Hapo ndipo likelemba ilipotusaidia. Wengi wenu mko katika vikundi vya akiba na mnajua kisanduku cha mshikamano, kile cha ugonjwa na msiba. Sisi tulifungua cha pili, cha hatari: franka 500 kwa juma, na asiyeweza analeta karanga au sabuni. Fedha hizo hazikopeshwi hata kidogo. Wakati mwingine wamama wameomba tuzigawanye kwa ajili ya sikukuu, na tumekataa mara mbili, kwa maneno makali. Nusu ya fedha inakaa katika simu ya mwekahazina na nusu mkononi mwa mama mwingine, maana siku ile mtandao ulikufa, na aliyekuwa na fedha katika simu tu hakuweza kununua hata maji.

Siku tuliyomsahau mama mzee

Tulidhani tumemaliza. Ndipo tukafanya zoezi la kwanza, Siku ya Posho moja asubuhi. Filimbi ilipigwa mara tatu ndefu. Wamama walitoka na mifuko, watoto wakaimba majina yao, watu wakacheka, tukafika kwenye uwanja wa kanisa. Mlinzi wa kaye alisoma majina. Alipofika kwenye nyumba ya mwisho ya kichochoro, hakuna aliyejibu.

Mama mzee wa nyumba ile hawezi kutembea bila fimbo. Katika kaye tulikuwa tumeandika vijana wawili wa kumbeba. Mmoja alikuwa amehamia Bukavu kwa masomo. Mwingine alikuwa amekwenda kuteka maji. Hakuna aliyebadilisha majina. Tulirudi mbio, tukamkuta ameketi kwenye kiti mlangoni, mfuko wake umefungwa vizuri magotini, kikwembe kipya kichwani. Alikuwa amejitayarisha kuliko sisi wote. Alituambia: "Mwaka ule mlinisahau, nikasema ni kwa sababu ya woga. Leo hakuna moto, na mmenisahau tena."

Hakuna aliyecheka tena siku ile. Tulibeba kiti chake mpaka kanisani, naye ndani, ili tujue inachukua dakika ngapi. Zilikuwa dakika 22. Tangu hapo kila mtu asiyeweza kutembea ana majina matatu, si mawili, na filimbi ikipigwa anayeitwa kwanza ni yeye. Siku ya Yenga ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada, kaye inasomwa tena: nani amehama, nani amejifungua, nani amekufa. Mama mzee mwenyewe ndiye anayeomba isomwe.

Zoezi lina kazi hiyo. Karatasi inaweza kudanganya mwaka mzima, lakini miguu inasema kweli siku ile ile.

Habari gani tuziamini?

Volkano ya Goma inachunguzwa na kituo cha wataalamu wa volkano, na kuna rangi nne zinazotumiwa kujulisha watu. Kijani: mlima uko katika hali yake ya kawaida. Njano: kuna mabadiliko, tukae macho. Rangi ya chungwa: hatari inakaribia, tujitayarishe kuondoka. Nyekundu: mlipuko uko karibu sana au umeanza. Sisi tulipanga kazi kwa kila rangi. Kwa njano, tunakagua mifuko na majina. Kwa rangi ya chungwa, wajawazito wa miezi ya mwisho, wazee na wagonjwa wanakwenda kwa ndugu zao mapema, na hakuna mtoto anayetumwa mbali. Kwa nyekundu, filimbi.

Lakini 2021 imetufundisha kwamba onyo linaweza kukosa kuja. Kwa hiyo tukiona mbingu nyekundu upande wa mlima, nyufa mpya ardhini au mawe ya moto, hatungoji rangi. Na kinyume chake, sauti inayotumwa kwenye simu na mtu asiyejulikana haitutoi nyumbani. Mama mmoja amechaguliwa kusikiliza radio na kumuuliza shefu wa avenyu kabla ya kueneza neno.

Si Goma peke yake

Ndugu zetu wa Kalehe hawaishi chini ya volkano. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua kubwa ilinyesha milimani na mito ikashuka juu ya Bushushu na Nyamukubi ikiwa na matope na mawe makubwa. Watu zaidi ya 400 walizikwa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Uvira pia, mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka njiani mwake usiku na kubomoa nyumba nyingi.

Mnaokaa kando ya mito na chini ya milima, mpango wenu utakuwa na mambo mengine. Wekeni watu wa juu mlimani wenye filimbi au simu, wajulishe wa chini mvua inapozidi. Mto ukipungua ghafula wakati mvua inanyesha, msifurahi: huenda udongo umeanguka na kuuziba huko juu, na utapasuka. Pandeni mianzi na miti, na msilime kwa kushuka na mteremko. Mahali ambapo mto uliwahi kupita, hata miaka 20 iliyopita, pabaki shamba, pasiwe chumba cha kulala. Na soko la kila juma lisiwekwe mdomoni mwa mto.

Tukirudi nyumbani

Hatari ikipita, tusiharakishe. Tusikanyage lava hata kama imekuwa nyeusi juu. Tusichote mafuta mahali palipoungua. Majivu yakianguka, tuondoe mifereji inayoleta maji ya paa katika pipa, tufunike visima na bidoni. Maji yenye majivu ya volkano hayaponywi kwa kuchemshwa. Na mtoto asiyelala usiku, anayeshtuka akisikia gari kubwa, asipigwe. Tumwache aseme alichoona.

Wengine bado wanatuambia kwamba kuweka mfuko nyuma ya mlango ni kuita mabaya, na kwamba Mungu atatulinda. Nasi tunaomba kila asubuhi. Lakini tunakumbuka pia kwamba Yosefu aliweka ngano ghalani katika miaka ya shibe, na hakuna aliyesema alikosa imani.

Yule mama wa mandazi angali anauza mandazi. Watoto wake wamekua. Mdogo anajua namba ya simu ya mjomba wa Butembo kuliko anavyojua meza ya kuzidisha, na sisi walimu tumemsamehe.

Kazi ya juma hili katika vikundi

1. Choreni avenyu au kijiji chenu. Hatari inatokea wapi, na inapita wapi?

2. Tajeni watu ambao hawawezi kukimbia peke yao. Nani watatu watamsaidia kila mmoja wao?

3. Kila mama amuulize mtoto wake usiku huu, bila kumtisha: "Tukipotezana, utanitafuta wapi?" Kama hana jibu, msilale kabla hajalipata.